Posa ya Nassor na Chombo cha Mwisho

Nassor alizikwa kabla sijafika Jeddah. Ndege ya kutoka Riyadh ilichelewa, na maiti haimngojei mtu, kwa hiyo nilipopanda ngazi za nyumba yake pale Ghulail watu walikuwa wamesharudi kutoka makaburini na kahawa ilikuwa inazunguka. Nilipeana mikono na wote, nikakaa penye nafasi, karibu na vijana wawili wa ukoo wake ambao sikuwajua vizuri. Baada ya Fatiha nikawasikia wanabishana kwa sauti ya chini. Mmoja alisema Wamarekani sasa wanarudi mwezini, na safari hii wanakwenda kukaa. Mwenzake akasema hawaendi kokote, hayo ni maneno ya kwenye simu. Nilihisi uchovu ambao haukuwa wa safari. Swali lao hilo niliwahi kuulizwa mimi, nikiwa na nywele nyeusi kichwa kizima, mbele ya wazee waliokuja kwa jambo zito, na jibu langu lilitakiwa liamue kama huyu waliyetoka kumzika ataoa au hataoa.

Ulikuwa mwaka wa sabini na tano. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu Khartoum na shahada ya fizikia ambayo hakuna aliyeitaka, nikapata kazi Riyadh ya kutafsiri maelezo ya mashine za kuchanganya zege. Pesa za mafuta zilikuwa zimeanza kumwagika na nchi nzima ilikuwa inachimbwa. Asubuhi unaacha barabara, jioni unakuta shimo, kesho yake juu ya shimo kuna ghorofa ya kwanza. Kila mtu alizungumza juu ya kesho kwa uhakika ulionichokesha tangu siku zile. Mimi nilikuwa na tabia ya kuuliza, “Umejuaje?”, na kwa tabia hiyo nilipewa jina la Msomi, si kwa heshima.

Tulikaa Malaz, vyumba viwili vya kupanga, watu watatu: mimi, Nassor, na Mkenya mmoja mpima ardhi aliyeitwa Odhiambo. Dirishani palikuwa na kipoza hewa cha siku zile, sanduku la bati lenye majani makavu yanayodondoshewa maji, na nyumba ilinuka kama zizi lililonyeshewa. Upande wa pili wa ukuta alikaa mwalimu wa Kimisri na mkewe, na kila jioni tulisikia bei za vitu zikilaaniwa moja moja. Nassor ndiye aliyepika. Alichukua kuku wa barafu, mgumu kama tofali, akamtia kwenye mchuzi wa maziwa ya unga, akatuambia tufumbe macho tuone kama si nazi. Haikuwa nazi. Lakini tulikula sinia moja, tumekaa chini juu ya gazeti, na hata leo nikila vizuri mahali pengine huwa najikuta nautafuta ule mchuzi wa uongo.

Kazi yake ilikuwa kulehemu nyaya. Kampuni yao ilikuwa ya Wamarekani waliofunga mitambo ya simu, na bosi wake, Mista Dale, mtu mnene mwenye shingo nyekundu, alikuwa amemwahidi kumpeleka kwenye kiwanda chao kikubwa kule Marekani. Huko walilehemu nyaya za chombo kinachopeleka watu angani. Nassor hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Alitundika juu ya godoro lake picha ya kile chombo, aliyoikata kwenye jarida la Kiingereza: kibanda chenye umbo la pia, kimeelea baharini, na watu wanatoka mlangoni kama watoka usingizini. Mimi picha ile ilinikera. Siku moja tunakula nikamwuliza kuna haja gani mtu kwenda mwenyewe huko. Mashine haili, hailali, haina mke wa kubaki mjane. Ipelekwe mashine ilete picha, halas.

Nassor alikuwa ananyonya mfupa. “Mwezi uliopita wewe ulikwenda Makka,” akasema.

“Nilikwenda.”

“Kufanya nini? Picha zake zimejaa madukani. Ungenunua moja ukatundika.”

Odhiambo alicheka mpaka akapaliwa. “Umeshikwa, Msomi! Leo umeshikwa!”

“Hayo si mambo sawa,” nikasema.

“Sikusema sawa. Nimekuuliza ulikwendea nini.”

Odhiambo akafuta macho akasema yeye angependa kujua kitu kimoja tu, kama huko juu wanalipa ovataimu. Nassor akamwambia huko hakuna saa za kazi kwa sababu jua linachomoza na kuzama mara nyingi kwa siku. “Basi siendi,” akasema Odhiambo. “Kumbe ni kama kwa kafili wangu, tajiri anayeshika pasipoti yangu.”

Jambo la pili lililomjaa Nassor mwaka ule lilikuwa Rukia. Baba yake Rukia, Mzee Salim, alikuwa na duka la masanduku ya safari Kandara, karibu na uwanja wa ndege wa siku zile, na familia ilikaa juu ya duka. Nassor alikwenda Jeddah kwa kazi, akamwona binti akimletea baba yake chakula cha mchana, akanunua sanduku ambalo hakulihitaji. Safari iliyofuata akanunua jingine. Odhiambo alikuwa wa kwanza kugundua. “Bwana huyu anahama polepole,” akasema, “au ameshikwa na mapenzi.” Kwetu haikuwezekana mtu akaenda mwenyewe kusema anataka kuoa. Ilibidi apatikane mshenga, mtu mzima mwenye ulimi, na Nassor akampata Ami Haroub, fundi cherehani wa pale pale Kandara, aliyekuwa na ulimi wa watu watatu.

Kazi ya mshenga ni kumpamba anayeposa, na hakuna asiyejua kwamba mapambo yana chumvi yake. Kama kijana ana mbuzi, husemwa ana mifugo. Wazee wa upande wa pili hukatakata moyoni mwao mpaka wafike kwenye ukweli. Lakini Ami Haroub alikwenda mbali. Katika posa ya kwanza, wakati wa baridi, mimi nikiwa mmoja wa waliomfuata, alijifunga kilemba chake kipya akatangaza mbele ya Mzee Salim na ndugu zake kwamba kijana wetu ni mtengenezaji wa vyombo vya kwenda mwezini, na kwamba Wamarekani wanamngoja kwa hamu. Mzee Salim aliinua nyusi. Alikuwa mtu mfupi, mkavu, asiyecheka ovyo, mwenye redio ya mawimbi mafupi aliyoitunza kuliko duka. Hakuna habari ya dunia iliyompita. Akasema watatoa jibu, na baada ya wiki chache jibu likaja: wamekubali, tarehe ya nikaha ijadiliwe kiangazi.

Tulipokuwa tunashuka ngazi siku ile nilimshika Ami Haroub mkono. “Ami, si wewe uliyesema juzi hakuna mtu aliyefika mwezini, wanatudanganya?”

“Nilisema.”

“Na leo?”

“Leo ni posa, mwanangu.”

Hapo ndipo kosa lilipoanza, ingawa sisi tuliliona kuwa kichekesho. Miezi michache baadaye Mista Dale alimwita Nassor ofisini akamwambia mambo yamebadilika. Safari za mwezini zilikuwa zimekwisha zamani, hilo mimi nilimkumbusha kila mara, na kilichobaki kilikuwa chombo kimoja tu cha aina ile. Kitapanda kiangazi, kikutane angani na chombo cha Warusi, watu wapeane mikono, kishuke, basi. Roketi zilizobaki, ambazo zilikuwa zimeshatengenezwa na kulipiwa, zitalazwa nje watu wazitazame. Watu waliofanya kazi ile tangu ujanani walikuwa wanarudishwa makwao. Kuna mpango wa chombo kingine, chenye mabawa, kitakachopanda na kurudi na kupanda tena, lakini bado kiko mezani kinachorwa. “Wakianza kuajiri nitakuita,” alisema Mista Dale, na Nassor akaja nyumbani akatuambia maneno hayo kama mtu aliyepewa habari njema. Odhiambo alinitazama, nami nikamtazama. Nassor akamwaga mchele kwenye sinia, akauchambua muda mrefu kuliko kawaida.

Alimweleza Ami Haroub ukweli. Ami Haroub akamwambia anyamaze, Kandara nzima hakuna anayefuatilia mambo ya angani. Alimsahau Mzee Salim na redio yake.

Tulikwenda kupanga tarehe mwezi wa Rajabu, siku chache baada ya kile chombo kushuka baharini. Bandarini meli za saruji zilikuwa zimejipanga mpaka upeo wa macho, zikingoja zamu ya kupakua, na joto la Jeddah lilikuwa lile la kukufanya ujione umevaa nguo za mtu mwingine aliyetoka kuoga. Desturi haimruhusu muoaji kuingia kwenye kikao. Kwa hiyo Nassor alibaki chini, ng’ambo ya barabara, kwa Myemeni muuza chai, nasi tukapanda. Chumba kile nakikumbuka vizuri kuliko vyumba nilivyoishi: mazulia mawili yasiyolingana, mito ya kuegemea, sahani ya halua katikati, na pazia la kijani lililotutenga na wanawake. Ndege zilipita juu ya dari kiasi cha kutetemesha vikombe, na kila ilipopita moja, mazungumzo yalisimama, kisha yakaendelea pale pale yalipokatika.

Mzee Salim hakungoja halua iishe. “Haroub.”

“Labeka.”

“Kijana wenu bado anakwenda Amerika?”

“Insha Allah. Nafasi yake ipo.”

“Kufanya nini?”

“Si tulishasema? Vile vyombo.”

“Vyombo vipi? Mimi nimesikiliza redio. Kile kilichopanda kikashikana na cha Warusi, kimeshuka, na wamesema ndicho cha mwisho. Halas. Mafi, hakuna tena.”

“Redio husema mengi, yakhe.”

“Redio hiyo hiyo iliposema kimepanda, wewe ulikuja hapa mbio kunipa hongera.”

Nyuma ya pazia mtu alicheka, akazibwa mdomo. Ami Haroub akajipangusa shingo, akasema hilo si neno, kuna kingine kinakuja, tena bora zaidi, kina mabawa.

“Kimeshatengenezwa?”

“Kinachorwa.”

“Kinachorwa!” Mzee Salim akawageukia ndugu zake. “Mnasikia? Mwanangu anaposwa na mchoro.”

Nduguye mmoja akauliza vipi kuhusu Warusi, wao si bado wanapanda? Ami Haroub, kwa kutapatapa, akasema ndiyo, Warusi hawajaacha. “Basi mpeleke kwa Warusi wasiomjua Mungu,” akasema Mzee Salim, “uone utarudi na ikama gani ya kukaa nchi hii.” Chumba kizima kikasema astaghfirullah, na ndege ikapita.

Iliponyamaza, Mzee Salim alinigeukia mimi. Alisema kwa upole, jambo lililonitisha zaidi. “Wewe umesoma. Na nasikia huamini kitu mpaka ukiulize. Niambie bila mapambo. Watu watapanda tena huko juu?”

Kwa maisha yangu yote ya chuo nilikuwa nimeuliza maswali kwa starehe ya mtu asiyedaiwa jibu. Sasa nilitakiwa nijibu, na chini barabarani alikuwepo mtu anakunywa chai. Ningeweza kusema ndiyo, mwakani, na kikao kingekwisha vizuri. Nilifikiria zile roketi zilizolazwa majanini. Nilifikiria pia hoja ya Nassor ya Makka, ambayo nilikuwa bado ninaidharau mdomoni na kuiogopa moyoni, kwa sababu kama ilikuwa kweli, basi watu wasingeacha kwenda hata wakikosa faida. “Watapanda,” nikasema. “Mtu akishafika mahali hatulii. Lakini lini, sijui. Anayejua ni mwenye pesa, na nadhani hata yeye hajui. Na watakapopanda, sina hakika watamkumbuka Nassor.”

Ami Haroub alinitazama kana kwamba nimemwaga kahawa kwenye kanzu yake. Mzee Salim akaitikia kwa kichwa.

“Ahsante,” akasema. “Sasa nisikilizeni. Mimi nauza masanduku. Kila anayenunua hunambia anakwenda mara moja, atarudi. Nami nilitoka kwetu nikisema hivyo hivyo. Kijana sina ubaya naye, ana adabu, na masanduku amenunua ya kutosha. Ila sitaki mwanangu akae na mtu ambaye kila simu ikilia anadhani ameitwa.” Kisha akatoa sharti lake. Palikuwa na tajiri mmoja, mteja wake, aliyekuwa analeta viyoyozi kwa meli na hana mtu anayejua nyaya. Yuko tayari kuwa kafili wa Nassor na kuhamisha ikama yake. Akiacha Riyadh na ahadi ya Mista Dale, nikaha ni Shaabani. Asipoacha, kila mtu ashike njia yake kwa heri. “Nenda kamwambie,” akaniambia. “Usimpambie.”

Nilishuka. Myemeni alikuwa anamsimulia Nassor habari za kwao, na Nassor alikuwa anaitikia bila kusikia. Nilimweleza yote, pamoja na jibu nililotoa mimi. Hakukasirika. Aliuliza, “Ulisema watapanda?”

“Nilisema watapanda.”

“Na mimi watanisahau.”

“Nilisema sina hakika.”

Alizungusha glasi ya chai mkononi. Nilitazama vidole vyake vyenye makovu madogo ya moto na nikatamani, kwa mara ya kwanza mwaka ule, niwe mtu wa kuamini ovyo, nimwambie asubiri, itakuwa. Akauliza, “Wewe ungefanyaje?” Nikamwambia mimi simpendi mtu yeyote, kwa hiyo rai yangu haina maana. Akacheka kidogo. Kisha akaweka sarafu juu ya meza, akavuka barabara, na kabla sijaelewa alikuwa anapanda ngazi.

Mle ndani mlikuwa na mtafaruku. “Ala! Muoaji hapandi!” Ami Haroub akainuka kumzuia kwa mikono miwili. Wazee wakaguna. Mzee Salim peke yake hakusogea. “Mwacheni aseme,” akasema.

Nassor alibaki mlangoni, viatu mkononi. “Baba,” akasema, “sharti nimelisikia. Naomba kusikia neno la mwenyewe.”

Kisha sauti ikatoka nyuma ya pazia, ndogo lakini haikutetemeka. Ndiyo mara ya kwanza kumsikia Rukia.

“Nina swali moja tu. Ukikaa hapa kwa ajili yangu, halafu siku moja wapande tena, utanilaumu?”

“Sitakulaumu.”

“Sema wallahi.”

“Wallahi sitakulaumu.”

Mwanamke mmoja akapiga kigelegele kabla ya wakati, wenzake wakamfuata, na Ami Haroub akaanza kusema kwamba yeye tangu mwanzo alijua. Nikaha ikafungwa Shaabani. Odhiambo alikuja na suti ya sufu katika joto lile, na akamwuliza bwana harusi kama tajiri wa viyoyozi analipa ovataimu.

Kile chombo chenye mabawa kilikuja kweli, baada ya miaka. Na Mista Dale hakusahau, kinyume na nilivyodhani. Alinipata mimi Riyadh, akaniuliza yuko wapi yule kijana mwenye mikono. Nilimpigia simu Nassor. Alikuwa na watoto watatu, na siku hiyo alikuwa juu ya paa la nyumba ya mtu. Akaniambia nimshukuru Mista Dale. Akauliza hali ya hewa ya Riyadh. Baada ya miaka mingi tena, chombo hicho nacho kikastaafishwa, nasi tulikitazama pamoja kwenye televisheni pale Ghulail kikishuka kwa mara ya mwisho na kuburutwa kwenda kuwekwa ndani. Mtangazaji alisema kitakuja kingine. Nilimtazama Nassor nione atasema nini. Alisema, “Wamekishusha vizuri,” akaenda kusali.

Nilifikiri hapo ndipo habari yao ilipoishia, na kwamba ile hofu niliyoshuka nayo ngazi za Kandara, kwamba atakuja kujuta, haikuwa na msingi. Mtu alichagua, akaridhika, akafa. Hivyo ndivyo nilivyokuwa najiambia msibani, huku wale vijana wawili wakiendelea kubishana, mpaka mwanawe mkubwa aliponigusa bega akasema mama ananiita. Rukia alikuwa ameshaingia eda. Alikaa ndani karibu na mlango uliorudishwa nusu, na mwanawe akasimama kati yetu. Nilimpa pole. Aliniuliza habari za safari, akaniuliza kama nimekula.

“Shemeji,” akasema, “wewe ulikuwepo alipoapa.”

“Nilikuwepo.”

“Hakuvunja kiapo. Sikumsikia akinilaumu, si kwa neno, si kwa jicho. Nilimpikia, nikamzalia, nikamwuguza, na kila siku nilikuwa nangoja. Nilisema leo atachoka, atanirushia neno, nami nitamjibu, tutagombana, yaishe. Hakunipa siku hiyo, shemeji. Hata moja.”